Baridi ya Arusha: Kwa nini hita ya lori la zamani haitoi joto

Arusha. Kuanzia Juni hadi Agosti, dereva anayewasha lori Ngarenaro saa kumi alfajiri kwenda Namanga huvaa koti na kofia, kisha anajifunika shuka la Kimasai. Akifika Oldonyosambu bado miguu imekufa ganzi na kioo cha mbele kimejaa ukungu. Swichi ya hita ipo, feni inazunguka, ila kinachotoka ni upepo wa baridi.

Mara nyingi hita yenyewe ni nzima. Joto lake linatoka kwenye maji ya injini, yanayopita kwenye mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyo chini ya dashibodi. Feni inasukuma hewa hapo, ndiyo inaingia ndani ya kebini. Maji yakiwa vuguvugu, hita haina cha kutoa.

Na maji huwa vuguvugu kwa sababu themostati ilishatolewa. Gereji nyingi nchini zina mchezo huo: injini ikichemsha tu, themostati inatupwa ili maji yapite vizuri. Kumbe kazi yake ni kufunga njia ya kwenda rejeta mpaka injini ipate moto, kwa kawaida karibu nyuzi 82, ndipo inafunguka. Bila hiyo, kwenye baridi ya alfajiri injini inachelewa sana kupata moto wake, au haiupati kabisa. Dereva anakosa joto na tajiri anapoteza dizeli, maana injini ya baridi inakunywa zaidi na inalika mapema.

Hofu ya mafundi ina sababu. Arusha iko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji ya bomba huku yanachemka karibu nyuzi 95, si 100. Lakini dawa ya hilo ni kuzibua rejeta, kuweka kulanti na kufunga kifuniko kinachobana sawasawa.

Themostati inapimwa kwenye sufuria ya maji juu ya moto (sufuria ambayo haitapikiwa tena). Maji yakichemka bila yenyewe kufunguka, imekufa.

Kama ni nzima na hita bado baridi, fundi aguse mipira ile miwili injini ikiwa ya moto. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba au koki yake imefungwa. Ikiziba husafishwa kwa maji ya kawaida kutoka upande wa kutokea. Presha ya kompresa inaweza kuipasua.

Cha hatari ni njia ya mkato: jiko la mkaa ndani ya kebini wakati wa kulala. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini. Ekzosi iliyotoboka nayo huingiza hewa hiyo kupitia matundu ya pedeli na gia, kwa hiyo raba za hapo zizibwe na ekzosi ichomelewe. Dereva au tingo akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu pamoja, gari lizimwe, wote watoke nje wapate hewa, kisha waende hospitali hata kama wanajisikia nafuu.