Kitabu cha Kidijitali ni Mali ya Nani?

Kitabu cha kiada cha karatasi, hata kikichakaa, huuzwa tena au hurithiwa na ndugu mdogo. Anayenunua kitabu cha kidijitali aghalabu hununua idhini ya kukisoma tu. Mnamo Julai 2009, kampuni ya Amazon ilifuta riwaya mbili za George Orwell, 1984 na Animal Farm (Shamba la Wanyama kwa wasomaji wetu), katika vifaa vya Kindle vya wateja nchini Marekani, kwa kuwa mchapishaji wa nakala hizo hakuwa na haki nchini humo. Fedha zilirejeshwa. Vidokezo vya mwanafunzi mmoja wa Michigan, alivyoviandika kwa kazi ya likizo, vilibaki vikirejelea matini isiyokuwapo. Alishtaki. Kampuni iliahidi kutofuta tena, ila kwa sababu maalumu, ikiwemo amri ya mahakama.