Dari ya Boti Ikianguka, Usikimbilie Gundi

Huenda msomaji akashangaa kuona habari za boti katika gazeti la wakulima. Lakini wakulima wa skimu za Hindi-Magogoni na Ziwa Kenyatta, huko Lamu, hawatashangaa hata kidogo. Mji wa Lamu uko kisiwani, na gunia la mahindi au tenga la maembe litokalo bara halina budi kuvuka maji kutoka gati la Mokowe. Kwa sababu hiyo wako wakulima ambao huchanga fedha wakanunua chombo chao wenyewe, na kwa kuwa fedha ni chache, hununua boti kuukuu ya faiba iliyokwisha kutumiwa na wengine kwa miaka 20 au zaidi.

Boti ya namna hiyo ikiwa na chumba, mara nyingi utakuta dari ya chumba imefunikwa kwa reksini, ile ngozi ya bandia tuionayo katika viti vya matatu. Nyuma ya reksini kuna sponji nyembamba, na hiyo sponji ndiyo iliyobandikwa kwa gundi kwenye faiba. Sponji haidumu. Joto la sitaha na unyevu wa bahari huila polepole mpaka ikawa unga wa kunata. Reksini yenyewe yaweza kuwa ingali nzima, lakini haina tena cha kuishikilia, basi huning'inia kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba na kumfunika nahodha uso.

Chama kimoja cha wakulima kilifanya kama wafanyavyo wengi. Walinunua gundi ya kopo, wakapaka nyuma ya reksini ile ile, wakaisukuma juu kwa mikono. Ilikaa wiki tatu. Gundi haikuwa mbaya, ila ilishika unga, na unga haukushika kitu.

NDOO YA MAJI KWANZA

Mara ya pili walimwita fundi mzee wa boti. Hakuuliza habari za gundi. Aliwaambia wanawe, kama alivyowaita, wabandue dari yote, kisha akaomba ndoo ya maji.

Kijana mmoja aliwekwa juu amwage maji kidogo kidogo, akianzia pande za chini za sitaha na kupanda, mahali pamoja baada ya pengine: penye madirisha, penye nguzo za ubavuni, penye vyuma vya kufungia kamba. Mwingine alikaa ndani na tochi. Maji yalipotokea, hayakutokea chini ya tundu lenyewe. Yalikuwa yametambaa futi mbili, ndipo yakadondoka, na palipodondoka ndipo wakulima walipokuwa wakipanga magunia. Msimu uliotangulia magunia mawili ya simsim yalishika ukungu, na watu wa chama wakalaumiana vikali juu ya nani aliyeanika vibaya. Kumbe hakuna aliyeanika vibaya.

Baadaye Mzee alichukua bisibisi, akaigonga sitaha kwa mpini wake. Palipo pazima hulia kwa sauti kali. Palipooza sauti huwa nzito kama ya gogo lililolowa. Sitaha nyingi za faiba si faiba tupu. Katikati huwekwa mbao nyepesi au plaiwudi, na maji yakipenya kwenye tundu la skrubu huozesha mbao hizo bila kuonekana kwa nje. Chini ya chuma cha kufungia kamba sauti ilikuwa nzito. Kwa chuma hicho boti ilikuwa ikifungwa kila usiku pale gatini, upepo wa kusi ukivuma.

Aliking'oa, akachimba mbao mbovu zote, akaacha pakauka kabisa, akajaza epoksi, kisha akatoboa matundu mapya ndani ya epoksi hiyo. Chini ya sitaha akaweka bamba pana ili uzito wa kamba usibebwe na nati peke yake. Kazi hiyo ilikula siku nyingi kuliko dari yenyewe, na gharama ilikuwa kubwa. Tunasema wazi kwamba ndiyo sehemu isiyofaa kubaniwa senti.

DARI MPYA

Kwangua sponji yote ya zamani mpaka uone faiba ngumu. Vumbi lake ni baya, kwa hiyo funga barakoa na kinga macho. Zima umeme kwanza kwa kuondoa waya wa betri, maana nyaya za taa hupita darini. Gundi ya namna hii hutoa mvuke unaoshika moto upesi: fungua madirisha na milango, toa mitungi ya petroli, wala mtu asivute sigara karibu.

Waweza kubandika tena reksini yenye sponji, lakini sisi tunaona mbao ni bora. Tumia vipande vya zamani kama kipimo, ukate plaiwudi nyembamba ya milimita 4, upake vanishi pande zote mbili na hasa kingoni. Vikikauka, vivike reksini isiyo na sponji, uikunje na kuipigilia kwa nyuma. Vipande hivyo hufungwa kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu kwenye fito zilizobandikwa chini ya sitaha kwa epoksi.

Hapa jihadhari. Pima urefu wa skrubu kabla hujaigusa. Ikizidi unene wa ubao na ufito hata kidogo, itapenya sitaha, nawe utakuwa umejitobolea tundu jipya kwa mkono wako mwenyewe. Mmoja wa vijana wa chama alifanya hivyo siku ya mwisho, na ndoo ya maji ikaitwa tena.

Kipande kilicho chini ya kile chuma cha kufungia kamba Mzee alikifunga kwa skrubu nne tu, bila gundi. Kila mwaka, kabla ya mvua za masika, chama hukifungua, hupapasa kwa mkono kama pana unyevu, na kukirudisha.