Mama amepooza, nani atamnyoosha viungo?

Nyumba zetu nyingi zina mzee aliyepatwa na kiharusi. Akisharuhusiwa hospitali hulazwa chumbani, akaletewa uji na dawa za presha, familia ikabaki kungoja kudra ya Mwenyezi Mungu. Mgonjwa akiwa mama, jambo huwa zito zaidi. Anaambiwa aende kwenye mazoezi ya viungo, anamkuta mtaalamu ni mwanamume, naye anaona haya kushikwa paja na bega. Siku ya kwanza anakwenda, ya pili haendi tena.

Hasara yake ni kubwa. Ubongo ulioumia unaweza kujifunza upya kwa mazoezi ya kurudiarudia, na sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika miezi ya mwanzo. Kiungo kisichochezeshwa hukakamaa na misuli husinyaa.

Elimu inayoshughulikia jambo hili ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Wengi hudhani ni kukanda tu. Sivyo. Chuoni mwanafunzi husoma mifupa, misuli, neva, moyo na mapafu, na jinsi mwili unavyobeba uzito wake mtu anaposimama na kutembea. Kisha hupelekwa wodini kwa vitendo. Huko hukutana na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, na mama ambaye mkojo unamponyoka tangu alipojifungua. Huyu wa mwisho, ndugu msomaji, atamweleza nani siri yake kama si mwanamke mwenzake?

Itazame swala yenyewe. Kuinuka kutoka kwenye sijda kunataka nguvu ya mapaja, magoti yanayokunjika na mizani ya mwili. Sheria imemruhusu mgonjwa kuswali amekaa au amelala, na hiyo ni rehema. Lakini mtaalamu anayeijua swala ataelewa kwa nini mama anatamani kusujudu tena, na atayapanga mazoezi yake kufikia hapo.

Wanazuoni wameruhusu mwanamume kumtibu mwanamke panapokuwa na dharura, hivyo mama asiache tiba kwa haya. Hata hivyo, kuandaa wataalamu wanawake ni jukumu letu sote. Watatoka wapi, ikiwa binti akifika kidato cha tatu tunamwambia sayansi ni ya wavulana? Mzazi, mwache asome Fizikia, Kemia na Baiolojia hadi kidato cha sita. Shahada ya fiziotherapia inafundishwa hapa hapa Tanzania, kikiwemo chuo kikuu cha tiba cha KCMC, Moshi.

Wakati tukiwasomesha, wagonjwa walioko nyumbani watunzwe hivi:

- Usimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega huteguka kwa urahisi.
- Asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya mgongoni na makalioni.
- Akiruhusiwa na daktari, akalishwe kitini kila siku, mkono uliopooza uegemezwe juu ya mto.
- Mwanafamilia mmoja aende naye kwenye mazoezi, ajifunze, aje ayarudie nyumbani.

Kutafuta tiba hakupingani na tawakkul. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.