Sukari inaposhuka usiku: kifaa kinachomsaidia mwenye kisukari aina ya kwanza

Asumbi ni kituo cha shule. Shule ya upili ya wasichana na chuo cha walimu viko hapa, na wanafunzi wengi hulala bwenini, mbali na wazazi wao. Kwa mwanafunzi mwenye kisukari aina ya kwanza, saa ngumu si za darasani bali ni za usiku, wakati hakuna anayemtazama.

Kisukari cha aina hii hutokea kinga ya mwili inaposhambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakiletwi na kula sukari nyingi. Mgonjwa huishi kwa sindano za insulini kila siku, na hakuna mitishamba inayochukua nafasi yake. Lakini insulini ikizidi chakula alichokula, au akicheza mpira jioni kuliko alivyozoea, sukari yaweza kushuka saa kadhaa baadaye, akiwa usingizini.

Mashine ya kudunga kidole huonyesha sukari ilivyo wakati huo tu. Tuseme mwanafunzi anapima saa tatu usiku na kupata 6.5, kisha asubuhi anapata 6. Daftari lake litaonyesha usiku mwema, hata kama saa nane sukari ilikuwa 3.

Kifaa cha kupima sukari mfululizo huziba pengo hilo. Ni kibandiko kidogo kinachowekwa mara nyingi nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, chenye kihisi chembamba kinachoingia chini ya ngozi. Hupima kila dakika moja hadi tano, kutegemea aina, na kutuma matokeo kwenye simu au kisomaji chake. Kikipima kila dakika tano, hayo ni matokeo 288 kwa siku. Wagonjwa wengi hulenga kukaa kati ya 3.9 na 10 kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda, karibu saa 17 kwa siku.

Pamoja na namba huja mshale, na huenda mshale ndio wenye faida zaidi. 5.5 yenye mshale uliolala ni habari njema. 5.5 yenye mshale unaoelekea chini ni onyo la kula kitu kabla ya kulala. Vifaa vingi pia hulia sukari ikishuka mno.

Kihisi hakisomi damu bali majimaji yaliyo kati ya seli, hivyo huchelewa dakika chache. Pia mtu akikilalia chaweza kuonyesha namba ya chini isiyo ya kweli. Anayetetemeka na kutokwa jasho huku kifaa kikisema yuko sawa adunge kidole.

Utafiti wa majaribio uliochapishwa mwaka 2020 uliwavisha vifaa hivi watoto na vijana wa Kenya na Uganda. Ulionyesha kwamba vinaweza kutumika katika mazingira yetu, na kwamba sukari ya wengi wao ilikuwa juu kwa sehemu kubwa ya siku. Kikwazo ni bei. Kihisi cha siku 14 kikiisha hununuliwa kingine, takriban 26 kwa mwaka, na familia nyingi haziwezi.

Asiye nacho anaweza kupanga vizuri stripu chache alizo nazo: kabla ya mlo, kabla ya kulala, na mara mojamoja saa nane usiku, hasa baada ya siku ya michezo. Namba na saa ziandikwe daftarini na kupelekwa kliniki. Kipimo cha insulini hubadilishwa kwa ushauri wa daktari.

Sukari ikiwa chini ya 3.9, mgonjwa anywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, au nusu glasi ya soda yenye sukari, kisha apime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asipewe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Matroni na wenzake wa bwenini wanapaswa kujua haya.

Mtoto anayekojoa mara kwa mara, mwenye kiu isiyokatika na anayekonda asitibiwe malaria pekee. Apimwe sukari siku hiyo hiyo katika kituo cha afya kilicho karibu. Wahudumu wa afya ya jamii nao walipewa mashine za kupima sukari katika mikoba ya kazi iliyozinduliwa Septemba 2023.