Pikipiki mpya kwenye milima ya Tukuyu: Kilomita 1,000 za kwanza ndizo zinazoamua

Pikipiki mpya ikitoka dukani Tukuyu, kazi inaanza siku hiyohiyo. Nailoni ya kiti haijabanduliwa, tayari kuna abiria wa Katumba, gunia la viazi la Kiwira na mikungu ya ndizi ya kupeleka sokoni. Kwa dereva wa mkataba haraka hiyo inaeleweka, maana hesabu ya tajiri haisubiri.

Shida ni kwamba wiki hizo za mwanzo ndizo zinazoamua kama injini itadumu, au itaanza kula oili hata kabla mkataba haujaisha.

Ndani ya silinda kuna nini?

Karibu bodaboda zote zinazouzwa siku hizi, za cc 125 hadi 150, zina injini ya mipigo minne. Inavuta hewa na petroli, inabana, inalipua, kisha inatoa moshi. Injini inazunguka mara mbili kwa kila mlipuko mmoja. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ndani ya silinda kumetokea milipuko 3,000.

Kinachozuia milipuko hiyo isivuje kwenda chini ni ringi za pistoni. Kiwandani, ukuta wa silinda hauachwi laini kabisa. Unachorwa mistari midogo sana inayokatizana. Mistari hiyo inashika oili, na pia inasugua ringi kidogokidogo mpaka zikae sawasawa na ukuta. Hapo ndipo injini inakuwa imezoea.

Presha ya mlipuko ndiyo inayosukuma ringi zikandamize ukuta. Kwa hiyo injini inayobembelezwa mno, au inayoachwa inaunguruma muda mrefu imesimama, haizoei vizuri. Ikipata moto kupita kiasi nayo ni balaa: oili inaungulia ukutani na kuacha utando unaong'aa kama kioo, na ringi hazishiki tena. Matokeo yake ni moshi wa bluu kwenye eksozi, nguvu kupungua, na mwisho wake fundi kufungua injini.

Tukuyu si Dar es Salaam

Mji wa Tukuyu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kwenda Mbeya inapanda mpaka kuvuka mita 2,000 maeneo ya Isongole. Ukishuka upande wa pili kwenda Kyela, unafika Ziwa Nyasa ambako ni chini ya mita 500. Ni milima na mabonde mwanzo mwisho.

Kwa mwinuko wa Tukuyu, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Injini inapata hewa pungufu, nguvu inashuka, na dereva anajikuta anavuta mafuta zaidi ili apande mlima uleule.

Tena injini nyingi za bodaboda zinapozwa na upepo. Ukipanda polepole umebeba mzigo mzito, injini inafanya kazi kubwa huku upepo ni mdogo. Mbaya zaidi ni tope. Wilaya hii mvua yake inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na tairi likizunguka bure kwenye matope ya njia za mashambani, injini inapiga resi kubwa bila upepo wowote. Kwa injini mpya, dakika chache za namna hiyo zinaweza kuiharibu.

Jinsi ya kuizoesha

Vijiweni kuna mabishano. Wengine wanasema iendeshwe taratibu kama yai, wengine wanasema ikamuliwe tangu siku ya kwanza. Maelekezo ya viwanda yako katikati, na jambo kubwa ni moja: mwendo ubadilike. Usivute mafuta mpaka mwisho, wala usikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu.

Kwenye milima hilo ni rahisi, ukijua kuitumia:

1. Asubuhi ya baridi, washa na iache dakika moja hivi, kisha ondoka taratibu. Resi za kupashia moto hazina faida.

2. Kwenye mpando, rudisha gia mapema. Injini ikianza kutetemeka na kukohoa kwenye gia kubwa, inaumia kuliko ikizunguka kwa wepesi kwenye gia ndogo.

3. Mpando mrefu ukatize. Simama mahali salama, zima, iache ipoe kidogo.

4. Kwenye mteremko, usishuke na fri. Acha gia ndani, achia mafuta. Injini inakusaidia breki, na ule mvuto unaotokea juu ya pistoni unapandisha oili kidogo kulainisha ringi. Kushuka na fri kunaokoa petroli kiduchu lakini kunachosha breki, na kwa miteremko ya huku ni hatari.

5. Beba abiria mmoja. Mishikaki na magunia mawili vingoje.

Oili ya kwanza ndiyo yenye chuma

Ringi, gia na vyuma vingine vikisuguana mara ya kwanza, vinatoa unga mwembamba wa chuma unaobaki kwenye oili. Ndiyo sababu vitabu vingi vya pikipiki vinataka sevisi ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1,000. Anayezunguka kilomita 80 kwa siku anafika 1,000 ndani ya siku 13 tu. Anayesubiri oili "iwe nyeusi kwanza" amechelewa.

Kwenye sevisi hiyo fundi apime na nafasi za vali, maana nazo hubadilika vyuma vikikaa sawa. Achunguze pia mnyororo na nati.

Oili iwe ya pikipiki. Kwenye bodaboda nyingi oili ileile inalainisha injini, gia na klachi. Baadhi ya oili za magari zina utelezi unaofanya klachi iteleze, na kwenye mpando utajua. Tafuta maandishi JASO MA kwenye kopo. Na kuchanganya oili kwenye petroli ni utaratibu wa injini za mipigo miwili. Kwenye mipigo minne kunachafua plagi tu.

Suala la hesabu

Hapa ndipo tajiri na dereva wanapotegana. Dereva anaona pikipiki si yake bado. Tajiri anataka hela yake kila jioni. Injini ikifa, gharama inawaangukia wote: mmoja chombo kimelala, mwingine siku zimepotea na deni liko palepale.

Njia nyepesi ni kuzungumza kabla ya kukabidhiana ufunguo. Wakubaliane hesabu ya wiki mbili za kwanza iwe ndogo kidogo, na nani ananunua oili ya sevisi ya kwanza. Iandikwe kwenye mkataba, pamoja na kilomita zilizoko kwenye mita siku hiyo.

Baada ya hapo, dereva apime oili kila asubuhi pikipiki ikiwa sehemu tambarare. Ikishuka haraka wakati hakuna inapovuja, arudi kwa fundi mapema, garantii ikiwa bado hai.