Muvi za Bonasi: Unachopewa na Unachotozwa

Bei ikishakubaliwa katika duka la kompyuta Kariakoo, muuzaji huongeza maneno ya kumlainisha mteja: "Nakupigia Window, nakuwekea Office, na muvi nakujazia bure." Kwa mtu anayerudi Pangani, kata ya Mji wa Kibaha, maneno hayo yana uzito. Nyumbani kuna watoto, bando halikai, na mashine iliyojaa muvi za Kihindi, sizoni za Kikorea na filamu zilizotafsiriwa ni runinga ya pili ndani ya nyumba. Simlaumu anayefurahia. Netflix yenyewe inasema picha ya ubora wa juu hula hadi GB 3 kwa saa. Filamu moja ya saa mbili inaweza kumaliza bando la wiki. Kunakili muvi mia moja kutoka diski ya nje hadi kwenye kompyuta hakuli hata MB moja ya bando.

Lakini bonasi hiyo ina bei, na wanaoilipa ni mteja na msanii. Muuzaji halipi kitu.

Kuuza kompyuta pamoja na burudani ya video si ubunifu wa Kariakoo. Kampuni kubwa zimefanya hivyo miaka mingi, ila zinachouza ni ruhusa. Ruhusa ya kwanza ni ile ya mashine kuweza kufungua video. Video haihifadhiwi ilivyo. Hubanwa kwa kanuni za kihesabu ili isile nafasi, na programu inayoibana na kuifumua huitwa kodeki. Kanuni hizo zina wenyewe, na wenyewe hudai ada. Windows 7 Home Premium ilikuja na uwezo wa kucheza DVD. Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012, Microsoft iliuondoa. Kompyuta nyingi mpya zilikuwa hazina tena sehemu ya kuingiza DVD, na kampuni haikuona sababu ya kulipia kila nakala ya Windows kitu ambacho wengi hawangekitumia. Ndiyo maana hata leo unaweza kuwa na muvi kwenye mashine na isifunguke: imebanwa kwa kanuni ya HEVC, na kiongezeo chake katika duka la Microsoft kinauzwa senti 99 za dola. Usikinunue kwa haraka. VLC, programu iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, hufungua karibu kila aina ya video, na ni ya bure kihalali.

Ruhusa ya pili ni ya kutazama kwa muda. Apple ilipozindua huduma ya Apple TV+ tarehe 1 Novemba 2019, kila aliyenunua simu, tableti au kompyuta yake mpya alipewa mwaka mzima wa kutazama bila malipo. Kufikia Julai 2021 mwaka ule ulikuwa umekatwa na kuwa miezi mitatu. Muda ukiisha, kadi ya benki iliyosajiliwa huanza kukatwa hadi mteja mwenyewe ajitoe. Ni chambo, lakini masharti yake yameandikwa, na mtengeneza filamu amelipwa.

Muvi za dukani haziko katika kundi lolote kati ya hayo. Zina historia ndefu: tangu enzi za kanda za VHS na sauti ya Lufufu akiwasimulia watazamaji filamu za nje kwa Kiswahili, hadi maduka ya leo ya kujaza flashi mtaani. Soko hilo limewafikishia filamu watu ambao jumba la sinema halikuwafikia. Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani ainakili na nani aisambaze. Msimamizi wake ni COSOTA, ambayo tangu 2022 ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilianza kutumia stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu ili nakala halali ijulikane kwa macho. Faili halibandikwi stempu. Filamu ya Kibongo inapohama kutoka diski ya muuzaji kwenda kwenye mashine yako, aliyeiigiza hapati kitu, na muuzaji amepata mteja kwa jasho la mwenzake.

Sasa tuingie ndani ya mashine, maana hapo ndipo mteja anapoumia. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa sasa zina diski ya SSD ya GB 256. Windows itakuonyesha GB 238, na hujaibiwa: kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Muvi mia moja za GB 1.5 kila moja ni GB 150. Windows na programu zake zikichukua GB 40 hivi, umebakiwa na chini ya GB 50 kabla hujaweka picha moja ya familia. Weka sizoni mbili tatu juu yake, na siku Windows inapotaka kujisasisha itakwambia nafasi haitoshi. SSD inayokaribia kujaa pia hupunguza kasi ya kuandika. Mwenye mashine huanza kulalamika kwamba ni nzito, huipeleka kwa fundi, na fundi humtoza pesa ya kuondoa bonasi ile ile.

Kuna pia virusi. Diski ya nje ya muuzaji imeingia katika mashine nyingi, na flashi za wateja zimepita kwenye kompyuta yake. Kila mwenye stationeri anaijua hali ya kufungua flashi na kukuta mafolda yote yamegeuka vialama vya mkato. Mbinu nyingine ni faili lenye picha ya muvi huku mkia wa jina lake ni .exe. Video halisi huishia na .mp4, .mkv au .avi, lenye .exe ni programu, na ukilibofya umeiruhusu ifanye kazi. Windows huficha mikia hiyo, kwa hiyo fungua folda lolote, nenda sehemu ya View (kwenye Windows 11, kisha Show), uweke alama kwenye "File name extensions". Na muvi ikikudai upakue kodeki fulani ndipo ifunguke, ifute.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muvi mara nyingi ndiyo miguu ya mashine mbovu. Mteja anaonyeshwa filamu ikicheza vizuri, hakumbuki kuuliza umri wa prosesa. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa utaratibu rasmi inahitaji kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Ukipewa ya kizazi cha sita, hata ikiwa na muvi elfu, umeuziwa mashine ambayo mtengenezaji wa Windows ameshaipa kisogo.

Kwa hiyo, ukiwa dukani, omba uoneshwe mashine ikiwa tupu. Bofya kulia kwenye alama ya "This PC", uchague Properties, usome jina la prosesa na RAM. Tazama diski ni SSD au ni ile ya zamani ya kuzunguka. Chomoa chaja, uangalie betri inashuka kwa kasi gani mnapozungumza. Uliza Windows imepigwa kwa leseni au kwa programu ya kuvunja leseni, kwa sababu hiyo ya pili nayo ni mlango wa virusi. Dai risiti ya EFD na garantii iliyoandikwa. Muuzaji aking'ang'ania kukupa bonasi, mwambie aache muvi zake na akupunguzie bei, au akuongezee RAM. Burudani utaitafuta baadaye kwa njia yako, na ikiwezekana kwa njia itakayomfikishia msanii chochote. Kompyuta nzuri hununuliwa kwa kilichomo ndani ya kasha, na muvi si sehemu yake.