Wanaotutoka Wakimtafuta Mungu Mmoja

Katika parokia za Bukoba na Muleba husikika mara kwa mara kwamba kijana fulani, aliyebatizwa na kupata Kipaimara, pengine mwanakwaya, amesilimu. Minong'ono huanza mara moja: amefuata mchumba, amefuata biashara. Wakati mwingine ni kweli. Lakini wapo wanaotoa sababu nyingine, na hao tunapaswa kuwasikiliza: wanasema wanataka kumwabudu Mungu mmoja tu, asiye na mshirika.

Uislamu si mgeni Kagera. Speke alipopita Karagwe mwaka 1861, wafanyabiashara Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Leo ukoo mmoja wa Kihaya unaweza kuwa na Wakatoliki, Walutheri na Waislamu, na wote hukutana msibani kibanjani. Kilichoongezeka tangu miaka ya 1980 ni mihadhara ya hadharani, ambamo mhubiri wa Kiislamu husimama na Biblia mkononi. Huanzia Marko 12:29, Yesu akikiri kwamba Bwana ni mmoja, kisha Yohane 17:3 na 14:28. Kijana ambaye Biblia yake hukaa kabatini hana la kujibu.

Alichonacho mara nyingi ni mfano wa mafiga. Mafiga ni mawe matatu. Ukiondoa moja, mawili hubaki na chungu huanguka. Mtu akikataa Mungu wa namna hiyo ana haki, na Kanisa linakataa pamoja naye. Yai nalo halisaidii: ganda ni sehemu ya yai, ilhali Baba si theluthi ya Mungu.

Lugha yetu pia inachangia. Tunasema Nafsi tatu, na katika Kiswahili cha kila siku nafsi ni mtu mwenyewe, roho yake. Msikilizaji anawaona watu watatu wameketi mbinguni. Watu watatu, hata wakipatana sana, wana akili tatu na matakwa matatu. Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wana umungu mmoja, akili moja, utashi mmoja. Kinachowatofautisha ni uhusiano wao tu: Baba anazaa, Mwana anazaliwa, Roho anatoka.

Neno hilo "kuzaa" ndilo linalokwaza zaidi. Sura ya 112 ya Kurani inakana kwamba Mungu alizaa au alizaliwa. Sura ya 6 inauliza atapataje mwana naye hana mke. Sura ya 5 inakataa Yesu na mama yake kufanywa miungu. Mungu mwenye mke, au Maria aliye mungu, hata Mkatoliki anamkataa. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba umungu wenyewe hauzai wala hauzaliwi. Mwana anatoka kwa Baba kama neno linavyotoka akilini, bila mke, bila mwanzo, bila kugawanyika, ndiyo maana Yohane anamwita Neno. Nikea, mwaka 325, ilimpinga Ario kwa sababu hiyohiyo: kama Yesu ni kiumbe nasi tunamwabudu, basi kweli tunamshirikisha Mungu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Lumen Gentium namba 16, unakiri kwamba Waislamu wanamwabudu pamoja nasi Mungu mmoja. Kwa hiyo aliyesilimu hakutoka kwa miungu watatu akaenda kwa mmoja. Amemwacha Kristo, Mungu huyo mmoja aliyetwaa mwili. Kwetu hiyo ni hasara kubwa, na hatuoni faida ya kuipunguza kwa maneno laini.

Wazazi wengine humkataza mtoto kama huyo kukanyaga nyumbani. Kanisa halifundishi hivyo. Tangu mwaka 1965, katika Dignitatis Humanae, limesema wazi kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya imani. Tena Ubatizo huacha alama isiyofutika. Akitaka kurudi habatizwi tena: amwone paroko, apatanishwe na Kanisa, aungame. Kama ameoa asiyebatizwa, aeleze hilo mapema, maana Kanuni ya 1086 inadai ruhusa maalumu kwa ndoa ya namna hiyo, na shauri lake huchukua muda.